Åshild Nerdal, Mama Aliyewangoja Watu Mlangoni

Marehemu Åshild Margrete Nerdal alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 katika kisiwa cha Vega, Norwe, mtoto wa kwanza wa Peder Rørmark, dereva wa lori la maziwa, na mkewe Gudrun, aliyefuma soksi za sufu na kuwauzia abiria wa pantoni. Baada yake tulifuata wawili: kaka yetu Arvid, aliyetutangulia mwaka 2011, na mimi Jorunn, kitinda mimba, niliyeachiwa kazi ya kusoma maneno haya.

Alisoma shule ya Vega kuanzia mwaka 1969 hadi 1978. Kila mwaka walimu waliandika kwamba ana akili lakini anachelewa. Sababu mojawapo naijua. Agosti 1977, siku yangu ya kwanza ya shule, basi lilipofika niligoma kupanda. Åshild, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, akateremka na kukaa nami juu ya ukuta wa mawe.

Dereva akamuuliza, "Sasa wewe huendi?"

"Mimi niko na huyu."

"Na shule je?"

"Itakuwepo tu hata saa tano."

Tulifika saa tano kweli. Alipewa adhabu ya kubaki darasani wiki nzima baada ya wenzake kuondoka, na hakunilaumu hata siku moja. Alimaliza sekondari Sandnessjøen mwaka 1981, akaajiriwa katika kiwanda cha samaki.

Tarehe 23 Juni 1984, siku ya mioto ya kiangazi, alifunga ndoa na Kolbjørn Nerdal, fundi wa mitambo ya pantoni. Shemeji si mtu wa maneno mengi. Alipomposa alisema, "Nimeona nyumba Brønnøysund. Ina rafu nyingi." Dada akajibu, "Ndiyo." Shemeji akauliza, "Ndiyo nini?" Akaambiwa, "Ndiyo, kwa rafu zote." Wakahamia nyumba hiyo, na Mungu akawajalia watoto wawili: Håvard mwaka 1986 na Eirill mwaka 1990. Kuanzia mwaka 1987 dada alikuwa msaidizi katika chekechea, na angeweza kubaki huko hadi kustaafu kama si yaliyompata Eirill.

Vuli ya mwaka 1998, Eirill akiwa na miaka minane, aliacha kuingia darasani. Hakuwa mgonjwa wala hakuwa amepigwa na mtu. Alifika hadi korido ya shule, mahali ambapo watoto wote huvua buti na kutundika makoti, na hapo akasimama. Hakuvua. Ukimgusa kamba za buti alitetemeka mwili mzima. Watu walimpa dada mawazo yao bure. Wengine walisema amdekeze kidogo, wengine walisema amedekezwa mno. Dada aliomba likizo isiyo na malipo, na kuanzia tarehe 9 Novemba alikaa na mwanawe kwenye lile benchi fupi la watoto, chini ya makoti yaliyolowa, buti miguuni wote wawili. Walikaa hapo kila asubuhi hadi machipuko. Hakumwambia avue.

Asubuhi moja ya Aprili, Eirill aliinama akavua buti moja, akaiweka kwenye rafu.

"Moja tu?" dada akauliza.

"Moja, kwa leo."

"Sawa."

Siku hiyo Eirill aliingia darasani akiwa na buti mguu mmoja na soksi mguu wa pili, na mwalimu, Mungu ambariki, alijifanya haoni. Baada ya siku tatu alivua ya pili.

Hapo ndipo dada alipoamua kwamba kazi yake ni hiyo. Akiwa na miaka thelathini na saba alianza kusoma ushauri nasaha wa familia huko Bodø, wiki moja kila mwezi, na siku nyingine akiendelea na chekechea. Ilimchukua miaka saba. Tarehe 4 Septemba 2006 alifungua ofisi yake mwenyewe katika duka la zamani la nyuzi, kwa ajili ya akina mama wenye hofu na wasiwasi pamoja na watoto wao. Kolbjørn alimwekea sakafu mpya ya msonobari, nyeupe kama maziwa.

Na hapa dada alikosea, na yeye mwenyewe alipenda kulisimulia kosa hili kuliko mtu yeyote. Kwa sababu ya ile sakafu, na kwa sababu ndivyo tulivyolelewa sote, alibandika karatasi mlangoni: "Karibu. Tafadhali vua viatu." Wiki ya kwanza walikuja akina mama watatu. Wa kwanza alisoma karatasi, akasema samahani, nimekosea mlango. Wa pili alisimama juu ya kizulia dakika mbili, akageuka. Wa tatu alimshika mtoto mkono, akasema, "Tulikuwa tunapita tu." Dada alirudi nyumbani akasema labda mji huu hauna watu wenye hofu.

Eirill, aliyekuwa na miaka kumi na sita, alikuwa anakula mkate. Alisema, "Mama, hata mimi nisingeingia."

"Kwa nini?"

"Ukivua viatu huwezi kukimbia. Umesahau?"

Dada hakumaliza chakula. Aliondoka saa ile ile akaenda kubandua karatasi. Kesho yake alihamishia kiti chake kwenye korido ya mlangoni, kati ya makoti na rafu ya viatu, akavaa buti zake na kukaa. Huko ndiko alikofanyia kazi miaka yote iliyofuata. Chumba chenye sakafu nzuri, kochi na vitu vya kuchezea kilikuwa upande wa ndani, mlango wazi. Kwenye rafu kulikuwa na kikapu cha soksi za sufu za mama yetu. Hakumwonyesha mtu kikapu hicho, na hakumwalika mtu ndani zaidi ya alipofika mwenyewe.

Watu walicheka, ndiyo. Dukani, mzee mmoja alimwambia, "Åshild, nasikia siku hizi unatibu buti."

"Natibu kilichomo ndani yake. Lete zako."

Mzee huyo alimleta binti yake baada ya mwaka, na mjukuu wake.

Kolbjørn alilalamika kwa sababu ya tope. Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga deki pale, nami nililalamika zaidi. "Dada, hawa watu watavua lini?" nilimuuliza. Akasema, "Wakitaka." Akanitazama miguu. "Na wewe je?" Nikamwambia navaa viatu kwa sababu sakafu ina maji. Akasema, "Miaka tisa sakafu ina maji, Jorunn." Nilivua Novemba ya mwaka huo. Sitasema zaidi.

Mama mmoja ameniruhusu nimtaje. Benedikte alikuja mwaka 2013 na mwanawe Aslak, wa miaka mitano, ambaye alijificha ndani ya koti la mamake kila akisikia mlango. Benedikte mwenyewe alikuwa hajalala usingizi kamili tangu mtoto azaliwe. Aliamka kusikiliza kama anapumua. Siku ya kwanza alisema, "Nitaanza kulia hapa."

"Lia," dada akasema. "Kizulia kimezoea maji."

Walikaa kwenye korido wiki kumi na nne. Wiki ya kumi na tano Aslak akavua viatu bila kuambiwa, akachagua soksi kubwa kuliko miguu yake, akapotea ndani. Mimi nilikuwa hapo napiga deki. Kisha tukasikia, "Mama, huku kuna joto." Benedikte alivua zake huku akicheka na kulia. Jioni hiyo dada alipokaa mezani alimwambia Kolbjørn, "Leo jozi mbili," na Kolbjørn akamwongezea viazi. Ndivyo walivyosherehekea daima. Leo Benedikte na Aslak ni miongoni mwa sita watakaobeba jeneza.

Mwezi Februari mwaka huu wa 2025, madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Alifanya kazi hadi mwisho wa Mei, pamoja na Eirill, ambaye alisomea kazi hii hii na kujiunga naye mwaka 2018. Juni alilala kwenye kochi nyumbani, na tukaona jambo ambalo hatukulitarajia. Alivaa buti zake za milimani, akafunga kamba mafundo mawili, na hakuzivua hata kulala. Yeye aliyewatoa wengine hofu alikuwa anaogopa, na hakuona aibu tukijua. Kolbjørn alitaka kumvua ili miguu ipumzike.

Eirill akamwambia, "Baba, acha."

"Ataumia."

"Acha. Vaa zako."

Basi Eirill akavaa buti na kukaa sakafuni kando ya kochi. Kolbjørn akavaa. Håvard akaja kutoka Trondheim na mkewe na watoto, wakavaa. Kiangazi chote nyumba ile ilikuwa na tope kama njia ya ng'ombe, na mimi nilipiga deki bila kulalamika. Kila siku mmoja wetu alikaa hapo naye. Hakuna aliyemwambia avue.

Jumapili tarehe 31 Agosti, mchana, jua likiwa dirishani, alifumbua macho.

"Eirill, niletee zile soksi."

"Zipi, mama?"

"Za kijivu, za bibi. Nisaidie na kamba."

Eirill alifungua mafundo. Akauliza, "Moja, kwa leo?"

"Zote mbili. Mimi si wewe."

Alicheka hadi akakohoa. Baadaye alimgeukia mumewe na kusema, "Kolbjørn, leo jozi moja." Shemeji alienda jikoni akachemsha viazi ambavyo dada hangeweza kula, akavileta hata hivyo. Tangu hapo dada, aliyekuwa akituuliza kila siku, hakuuliza tena ni siku ngapi zimebaki. Alifariki Jumatano tarehe 3 Septemba, saa nne asubuhi, nyumbani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Eirill.

Marehemu ameacha mume, Kolbjørn, watoto wawili, Håvard na Eirill, mkwe, Ingvild, wajukuu watatu, mdogo wake mmoja, na akina mama na watoto wao ambao hakuwahi kuwahesabu, na ambao leo wamejaza kanisa hili hadi nje. Baada ya mazishi karibuni kahawa na keki kwenye nyumba ya parokia. Jumatatu ijayo, saa tatu asubuhi, Eirill atafungua mlango kama kawaida. Kiti kiko palepale kwenye korido, na mlangoni hakuna karatasi.

Tunamzika akiwa amevaa soksi za kijivu. Buti zake tumeziacha kwenye rafu. Umefika ndani, dada. Huko kuna joto. Pumzika kwa amani.