Wifi Aliyetikisa Waya

Ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yangu, mama mmoja alikuwa akimsifia wifi yake kwa dereva wa teksi mstaafu aliyeketi kando yake. Wifi kusifiwa si jambo la kila siku, nikatega sikio.

"Gari lilikuwa linazima njiani, mzee wangu, moshi mweusi unafuka, na nyuma nimembeba mama mkwe anakwenda kusafishwa damu. Mafundi wakasema ni sensa, kile kidude kinachopima joto la maji ya injini. Wakaibadilisha mara mbili. Likazima tena."

"Sensa feki hizo," mzee akasema.

"Wifi yangu ni fundi, na sensa hakuigusa. Aliacha injini inanguruma, akawa anautikisa waya wa hiyo sensa taratibu, macho kwenye kompyuta ya kupimia gari. Alipofika pale waya unapokunja kona, kipimo cha joto kikaporomoka, utadhani injini imetoka kwenye barafu. Kumbe waya umekatika ndani, ganda la nje zima! Gari likidhani kuna baridi, linajimwagia mafuta mpaka linapaliwa."

"Bahati, mwanangu. Kabahatisha tu."

"Bahati haiinami asubuhi nzima, baba. Alipomaliza alimwambia mama yake, 'Hutaachwa njiani tena.' Mimi nililia."

Basi likasimama mbele ya gereji ya huyo wifi, mama akashuka kuchukua gari lake. Mzee naye akainuka, bado anasema ni bahati. Kondakta akamkumbusha kwamba kituo chake bado.

"Najua," mzee akasema. "Ngoja nimwone huyo mwenye bahati."