Betri Iliyoandikwa REDIO TU

Baba Paroko, ndugu, jamaa na majirani, historia hii imeandikwa na mjane, Mama Eunike, kwa mkono wake mwenyewe, naye ameagiza isomwe yote bila kuchujwa.

Marehemu Wenseslaus Sirili alizaliwa hapa Marangu tarehe 14 Machi 1956, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1964 hadi 1970, akajifunza ufundi redio Moshi mjini, na tangu 1975 hadi alipostaafu 2016 alikuwa fundi katika duka la Bwana Rajendra huko huko mjini, ambaye tunaye hapa. Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na Eunike, wakajaliwa watoto wawili, Salvina na Isack.

Mwaka 1998 alipata leseni ya redio ya ridhaa, akawa anazungumza na Rajendra hewani kila siku saa kumi jioni, na kwa kuwa umeme wetu tunaujua, aliweka betri kubwa ya gari, akaiunganisha na sola, akaiandika kwa rangi nyekundu REDIO TU. Wengi mlimcheka. Masika ya 2018, umeme na simu vilipokatika siku nne, ni betri hiyo iliyoita gari la kumchukua jirani yetu Veronika akiwa na uchungu wa uzazi, na siku hiyo hamkucheka.

Tarehe 26 Desemba 2024, watoto na wajukuu wakiwa wamepanda huku mlimani nyumbani kwa Krismasi kama ilivyo kawaida yetu, umeme ulikatika, Isack akaichomoa betri ile, akapigia muziki mpaka ikaisha kabisa, kisha akairudisha mahali pake akanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kunakomchoma Eunike, maana angesema, ingetafutwa nyingine. Kesho yake umeme ulikuwa bado haujarudi, mvua ilishinda inanyesha, sola haikuona jua, simu hazikushika, magari yote yalikuwa harusini Bomang'ombe, na saa saba mchana kifua kilimbana marehemu. Alikaa kwenye redio yake, akaiwasha, taa ikamulika mara moja ikazimika, akamgeukia mkewe, na Eunike hajasahau alivyomtazama. Rajendra alipomkosa hewani saa kumi alifunga duka, akapanda mwenyewe, akamkimbiza hospitali, lakini masaa manne yalikuwa yameshapotea, na marehemu alifariki tarehe 29 Desemba, saa mbili asubuhi.

Eunike anawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochimba kaburi, mafundi wenzake marehemu wa dukani, na Rajendra kuliko wote. Waliocheza muziki ule yeye hawashukuru, na pole yao leo haitaki.

Aliyeichomoa betri ndiye aliyepewa karatasi hii aisome mbele yenu, asiruke neno, na nimeisoma. Baba yangu, betri nimeichaji, ipo mezani kwako, hakuna atakayeigusa. Pumzika kwa amani.