Mito ya Kupigia Magoti

Wasikilizaji wapendwa, ni lini mara ya mwisho mlipopiga magoti kanisani? Si kuinamisha kichwa huku jicho liko kwenye saa. Kupiga magoti hasa.

Leo tunamkumbuka fundi cherehani aliyeitwa na wengi Mama Mito. Alifariki Jumatatu, akiwa na miaka sabini na minane. Mama Mito alishona mito ya kupigia magoti. Mito kumi na miwili, yote kwa ajili ya kanisa lake.

Haikushonwa ovyo ovyo, wasikilizaji wapendwa. Kitambaa kizito cha suruali. Ndani, mabaki ya nguo yaliyokatwa vipande vidogo vidogo. Pembe zimepigwa mshono mara mbili, maana pembe ndizo hufumuka kwanza. Na kila mto aliupima kwa magoti yake mwenyewe. Aliuweka sakafuni kando ya cherehani, akapiga magoti, akamwombea mtu mmoja kwa jina. Magoti yakiuma kabla hajamaliza kuomba, aliongeza vipande.

Baadaye kanisa likabadilika. Vikaja viti vya plastiki, spika mbili kubwa, na ratiba ya dakika kwa dakika. Sala ya magoti ikapewa dakika mbili. Kisha ikafutwa. Mito ikapelekwa stoo.

"Tunaimba vizuri, mwanangu," alimwambia binti yake. "Ila siku hizi hakuna anayelia. Hakuna anayeomba msamaha. Tumekuwa wasafi mno." Alitaka jambo moja tu: kuliona kanisa lake likipiga magoti tena kabla hajafa.

Jumapili moja akaikuta mito yake imewekwa chini ya spika, zisitetemeke. Binti alikunja uso. Mama Mito alicheka mpaka akavua miwani.

"Waache," alisema. "Angalau spika zimepiga magoti."

Siku hiyo hiyo alimfuata mchungaji mlangoni.

"Baba mchungaji, unalala vizuri?"

"Nalala, mama."

"Mbona macho yako yanakataa?"

Mchungaji akatabasamu, akasema ana kikao. Kila alipoulizwa, alikuwa na kikao.

Jumatatu aliyofariki, juu ya cherehani kulibaki mto wa kumi na tatu. Upande mmoja ulikuwa haujafungwa. Mchungaji alipokuja kuhani msiba, binti alimwekea mto ule mikononi.

"Huu alishaupima," alimwambia. "Nilimletea chai nikamkuta chini, amepiga magoti. Alikuwa anakutaja wewe."

Kabla hatujasikia mchungaji alijibu nini, tumpe pole binti huyu, wajukuu, na mafundi wenzake Mama Mito. Mungu awafute machozi. Nasi tuliobaki tujiulize: kanisa letu limejaa watu, je, limejaa nini kingine? Na mito yetu sisi iko wapi?

Wazee wa kanisa walikuwepo, majirani walikuwepo. Mchungaji akauweka mto sakafuni kando ya cherehani, akapiga magoti na suti yake.

"Nimekauka," alisema. "Miaka minne nawahubiria nikiwa nimekauka. Mama aliona, nikamkimbia. Nilitaka mtu aniombee. Hilo tu ndilo nilitaka, nikaona haya kusema."