Ukuta wa Kasilda

Kijiwe cha karibu na stesheni ya Mpanda kina mabenchi mawili na jiko la kahawa la Salvatori, na kila alasiri midomo huwa mingi kuliko vikombe. Pale jina ulilopewa na wazazi unaliacha nyumbani. Damiano anaitwa Mhandisi kwa sababu aliwahi kubeba matofali kwenye jengo la ghorofa. Issa wa bodaboda ni Spidi, ingawa pikipiki yake husukumwa zaidi ya inavyoendeshwa. Mzee Optatus, aliyestaafu reli, wao wanamwita Stesheni. Siku hiyo Stesheni alifika na jambo limemkaa kooni. Kesho yake asubuhi fundi Evodi angekuja kuukwangua ukuta wa sebule yake, ukuta alioupaka marehemu mke wake Kasilda kwa mikono, na yeye alitaka mtu mmoja tu, yeyote yule, amwambie asikubali. Kulisema wazi aliona haya. Basi akatoa simu.

— Binti yangu Evaline kanitumia picha kutoka Dar. Anataka sebule iwe hivi.

Simu ikazunguka benchi zima. Ukuta wa kijivu, makochi ya kijivu, hata ua lililokuwa mezani lilikuwa limekauka makusudi.

— Hii kali, mzee! Issa alisema. Kijivu ndiyo habari ya mjini. Dar sasa hivi nyumba zote ziko hivi.

— Zote? Salvatori akauliza, huku akimimina.

— Zote. Unaweza kuingia kwa jirani ukala, ukalala, asubuhi ndiyo unashtuka kumbe siyo kwako.

— Kijivu peke yake bado, Mhandisi akaingilia. Hapo unapiga jipsamu, dari ya ngazi tatu, na taa za bluu pembeni. Ukikaa unaonekana uko benki.

— Sasa nani anataka kukaa benki, Mhandisi?

— Wewe kahawa inakutosha, nyamaza. Mzee, sikiliza ufundi.

Optatus akasikiliza. Alijaribu kuchomeka neno.

— Ule ukuta aliupaka mama Evaline mwenyewe.

— Mungu amlaze pema, wakasema wote kwa pamoja, haraka, kisha wakarudi kwenye ukuta.

— Ndiyo maana ubadilishwe, mzee, Issa akasema. Usikae na majonzi ukutani. Halafu kijivu nacho kinaanza kupitwa. Siku hizi kuna karatasi ya kubandika, ina picha. Unabandika bahari nzima.

— Bahari ya nini na sisi tuna Tanganyika?

— Basi bandika Tanganyika! Unakunywa chai, migebuka inapita.

— Picha haipiti, Spidi, Mhandisi akasema. Hapo unachimba sakafu, unaweka kioo kinene, chini yake maji, na migebuka ya kweli. Hiyo ndiyo sebule.

— Kioo kikipasuka?

— Mgeni anaondoka na kitoweo.

— Kwa nini tusimletee na kiboko kutoka mbugani? Salvatori akasema. Kiboko anakaa chini, Stesheni anakaa juu, watalii wanapanga foleni mlangoni.

Benchi likacheka mpaka kahawa ikamwagika. Optatus naye alicheka, ila cheko lake liliisha kabla ya la wenzake, akabaki anafuta kikombe ambacho hakikuwa na uchafu. Hakuna aliyemwambia asikubali.

Mwisho wa benchi alikaa mama mmoja mgeni, Aurélie, aliyekuja kuuza maharage na sasa anasubiri gari la kumrudisha Mishamo. Alikuwa amekunja gunia lake tupu, amelikalia.

— Samahani, akasema. Huo ukuta wenyewe, sasa hivi ukoje?

— Ukuta wa mzee? Issa akauliza.

— Eeh. Nyie si mnasema uondolewe? Ukoje?

Issa akamwangalia Mhandisi. Mhandisi akamwangalia Salvatori. Salvatori akafunua birika, akachungulia ndani.

— Si... ni ukuta tu, Issa akasema.

— Una rangi gani?

Mhandisi ndiye aliyejibu, na kwa sauti ya chini ambayo pale kijiweni haijazoeleka.

— Hata msibani tulikaa nje, kwenye turubai. Wanaume si tunakaa nje. Walioingia ndani ni akina mama.

Optatus alikuwa hajawahi kulifikiria hilo. Miaka yote hiyo ya kahawa na kelele, hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuvuka kizingiti chake. Likamuuma sana, tena akashangaa kwamba halikumuuma mapema.

— Una udongo mweupe wa Litapunga, akamwambia Aurélie. Na mwekundu, na mweusi wa masizi. Kila mwaka tukishavuna mama Evaline alikuwa anaupaka upya kwa vidole, anavuta mawimbi toka mlangoni mpaka dirishani. Mwaka wa mwisho alichoka. Kona moja hakuimaliza. Vidole vyake vinne vimeishia pale.

— Hata kwetu mama alikuwa anapaka, Aurélie akasema.

Optatus akasimama.

— Njooni muuone. Sasa hivi. Nitachemsha kahawa.

Salvatori akaliinamisha birika. Kahawa ilikuwa imekwisha, akasema anawahi kuosha vikombe. Issa akapokea simu ambayo haikuita, akasema abiria wake yuko soko kuu. Mhandisi akajikuna shingo.

— Mama watoto kaniagiza dagaa, mzee. Ila kesho. Kesho mapema kabisa nakuja.

— Kesho Evodi atakuwa ameshakwangua.

Gari la Mishamo likapiga honi. Aurélie akampa Optatus mkono, wa pili umeshika kiwiko chake, kwa heshima.

— Mimi ningekuja, baba, akasema, akakimbilia gari.

Nyumbani Optatus alichemsha kahawa nyingi hata hivyo. Akavigeuza viti vyote vinne vitazame ukutani, akakaa kwenye kimoja. Alikuwa mpweke, na jioni hiyo hakujidanganya juu ya hilo. Simu ikaita. Alikuwa Evaline.

— Baba, Evodi anakuja kesho saa mbili. Umeshahamisha vitu?

— Mwambie asije.

— Jamani baba! Mimi nataka upate mahali pazuri pa kukaribishia watu. Unakaa peke yako mno.

— Watu wapo. Wa kijiweni. Wamekuja kuuona ukuta wa mama yako, wamejaa hapa.

— Kweli? Sauti ya Evaline ikalegea kwa furaha. Mbona siwasikii? Wanasemaje?

Optatus akaviangalia vile viti vitatu vitupu, halafu ile kona ambayo haikumalizwa.

— Hawajasema kitu, mwanangu. Wamekaa tu, wanautazama.