Lorraine Pavelka na Picha ya Mtaa wa Hadley

Ijumaa, tarehe 30 Mei, Bi. Lorraine Pavelka anastaafu baada ya kuitumikia Idara ya Picha ya makumbusho yetu ya Harlan Falls kwa miaka thelathini na mmoja. Alipoajiriwa, akitokea kufundisha historia sekondari, picha za mji zilikuwa zimerundikwa ndani ya maboksi ya viatu kwenye ghorofa ya chini. Leo zina chumba chao, na watu wanatoka mbali, hata mji wa Columbus, kuja kuziona.

Wageni wote wa idara wanaijua kawaida yake. Awe mwanafunzi au profesa, mtu hukabidhiwa picha ambayo maelezo yake yamefunikwa kwa kipande cha boksi la konfleksi za kifungua kinywa. Hairuhusiwi kusoma kabla ya kutazama, na anayechungulia huchapwa kikofi mkononi. Kuna picha moja ya mwaka 1952 aliyoipenda kwa kazi hii: baba, mama na watoto wawili wakilitabasamia friji jipya. Wanafunzi huandika haraka kwamba baada ya vita kila nyumba ilikuwa na friji. Lorraine huwauliza, “Waya wake wa umeme uko wapi, wapenzi?” Hakuna waya. Hata dirisha nyuma yao limechorwa ukutani. Ni dukani, na familia hiyo imelipwa ikae pale. Hapo ndipo somo huanza, kwa sababu picha hiyo haisemi watu walikuwa na nini. Inasema walikuwa wakitamanishwa nini.

Si mtu mwepesi kufanya naye kazi. Mkurugenzi aliwahi kutaka kukata ukingo wa picha ili itoshe kwenye kadi ya Krismasi, akaambiwa, “Kata tai yako kwanza, tuone kama hutakililia hicho kipande.” Kadi ikatoka na picha nzima, ndogo kama stempu.

Lakini sisi tuliofanya naye kazi tutamkumbuka zaidi kwa jambo la mwaka juzi, tulipoandaa maonyesho ya maisha ya mji baada ya vita. Picha kuu ilikuwa ya majirani wa Mtaa wa Hadley, kiangazi cha 1951: meza zimepangwa barabarani, na watoto wamekalia bampa ya gari hadi namba zake hazionekani. Pembeni, kwenye kibaraza cha nyumba moja, amesimama mwanamke Mweusi mwenye aproni, ameshika bakuli. Maelezo, yaliyoandikwa na Lorraine mwenyewe miaka mingi nyuma na kutundikwa ukumbini pamoja na picha hiyo, yalisema: “Majirani, pamoja na mtumishi wa nyumba.”

Bi. Ernestine Bouldin, muuguzi mstaafu, alikuja kuyapinga. “Huyo si mtumishi wa mtu,” alisema. “Huyo ni mama yangu, Odessa, na hapo ni kwetu.” Mji wetu umezoea kusimulia kwamba miaka ile hakuna familia ya Weusi iliyoishi Hadley, na nyumba zenyewe zilibomolewa kupisha barabara kuu. Bi. Bouldin alileta picha yake: yeye akiwa na miaka mitano, na gauni la siku ya kuzaliwa, kwenye kibaraza chenye sanduku la barua lililoandikwa jina la familia. Lorraine alizilinganisha kwa lenzi, kisha akatikisa kichwa. Katika picha ya mtoto, ngazi ziko kushoto mwa kibaraza. Katika ile yetu ziko kulia.

“Nyumba si moja, Bi. Bouldin. Samahani.”

“Samahani yako kaifunike kwa hilo boksi lako,” alijibu, akaondoka zake.

Wiki mbili kabla ya ufunguzi, picha ilichapishwa kwa ukubwa wa ukuta. Sote tuliipigia makofi. Lorraine hakupiga. Alikuwa akilitazama lile gari, ambalo sasa usukani wake ulionekana wazi kupitia kioo cha mbele. Ulikuwa upande wa kulia, ilhali magari ya huku kwetu huwa na usukani kushoto.

“Nani huku kwetu anaendesha akiwa kulia?” aliuliza. Filamu ilikuwa imegeuzwa picha ilipochapishwa mara ya kwanza. Aliyeichapisha ni Lorraine mwenyewe, mwaka wake wa kwanza hapa, na tangu hapo sote tumekuwa tukiutazama mtaa mzima kama kwenye kioo, kushoto kukiwa kulia. Ilipowekwa sawa, ngazi zilihamia kushoto, na jani la urembo la chuma lililovunjika kwenye nguzo ya kibaraza likawa lilelile la picha ya Bi. Bouldin.

Angeweza kubadilisha maelezo kimyakimya. Alipiga simu mbele yetu. “Bi. Bouldin, nimekosea. Njoo uone.”

Bi. Bouldin alikuja, akasimama mbele ya ukuta bila kuvua koti. “Mama alikufa akiitwa mtumishi kwenye ukuta wenu,” alisema. Lorraine hakujitetea. Aliuliza tu iandikwe nini.

“Andika Odessa Bouldin, nyumbani kwake. Na andika kwamba bakuli lina saladi ya viazi, ndiyo iliyokuwa ikiisha kwanza.”

Jina na nyumba viliandikwa jioni ileile. Saladi haikuandikwa. “Ndani ya bakuli hapaonekani,” Lorraine alisema, na Bi. Bouldin akacheka hadi akakaa chini. “Mwanamke mkaidi wewe!”

Picha zote mbili zinaning’inia leo ukumbini, yenye kosa na iliyo sahihi, na chini ya ile ya kwanza Lorraine ameandika kosa ni la nani.

Kwa jicho hilo, na kwa kutufundisha kulielekeza kwetu wenyewe pia, tunakushukuru, Lorraine. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na haraka, na kiti kizuri kwenye mkusanyiko wa ukoo wa Bouldin mwezi Julai, ambako tayari umealikwa kwa maneno haya: “Saladi ya mama itakuwepo. Njoo ule, halafu uniambie tena huna ushahidi.”