Vibarua wa Mwaka wa Sabini

Ndani ya garimoshi la Tabora kwenda Urambo, mwaka wa hamsini na saba, Getruda, mjamzito wa miezi minane, alimsikia karani wa sensa akimweleza Bi Mwamvita, mshona kofia.

"Watoto wakizaliwa hivi, mwaka wa sabini vibarua watatosha mashamba yote ya tumbaku."

"Umewauliza hao watoto?" Bi Mwamvita akauliza.

"Hapana, bibi. Serikali haiulizi, inakadiria."

"Basi kadiria na watakaokataa. Wanangu watano mliwahesabia vibarua wa tumbaku, wote sasa mafundi cherehani."

Karani akafungua daftari, akakuna kichwa. Getruda akapigwa teke na mtoto tumboni. "Na wangu amekataa!" akasema, behewa zima likacheka.

"Huyo hatujamhesabu," karani akalalamika.

"Ndiyo maana amewahi kukataa," akajibu Bi Mwamvita, na garimoshi likasimama Urambo.