Mwalimu Povu Anaweka Simu Chini

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha kemia, Mwalimu Povu anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Jina hilo alipewa na wanafunzi, siku chupa ilipofurika povu hadi darini na yeye akaendelea kufundisha huku likimdondoka masikioni. Wasifu huu ulipaswa kuandikwa na walimu wenye digrii zao, lakini wote wamesema wamechoka, ukaniangukia mimi, mhudumu wa maabara niliyeachana na shule kidato cha pili. Msijali. Mpiga video wake ni mimi, sura yake naijua kuliko mkewe.

Video zilianza pale wanafunzi walipoanza kuja darasani na sayansi ya mtandaoni: simu iliyolowa inaponywa na mchele, aliyeungua apakwe dawa ya meno. Mwalimu aliguna, akasema kama vijana wamehamia huko, naye anahamia. Hakujua hata kuwasha kamera. Tukaibana simu yangu kwenye stendi ya chuma ya kushikia mirija, nikamwambia aangalie kioo cha kamera, asiangalie dari. Akaangalia dari.

Utaratibu wake ulikuwa wa kuudhi. Anaonyesha jaribio, anakatiza kabla ya maelezo, anawaambia watazamaji waandike wanachodhani, jibu kesho. Nikamwambia mtandaoni hakuna kesho, mzee, watu wanasonga. Akasema wakisonga wasonge. Walirudi. Na kila aliyeandika alijibiwa, kwa kidole kimoja, miwani ikining'inia puani, hata swali la mchele lililoulizwa mpaka likachakaa. Macho yalimwiva mekundu.

Kisha ukaja mshumaa. Unauwasha katikati ya sahani ya maji, unaufunika kwa glasi, unazimika, maji yanapanda ndani. Mwalimu akaeleza kama alivyoeleza maisha yake yote: moto umekula oksijeni, maji yamechukua nafasi yake. Video ile ilitazamwa kuliko zote. Katikati ya sifa, binti mmoja ambaye hatujawahi kumwona akauliza: mbona mapovu yalitoka nje ya glasi mwanzoni, na mbona maji yamepanda zaidi baada ya moto kuzimika?

Mwalimu alirudia jaribio hadi mishumaa ya stoo ikaisha, ndipo akaliona kosa. Hewa ilikuwa imepata joto, ikatanuka, nyingine ikatoroka. Ilipopoa ikasinyaa, na hewa ya nje ikayasukuma maji ndani. Oksijeni ilisingiziwa. Na yeye aliisingizia mbele ya kila darasa, wakiwemo wanafunzi wawili ambao sasa ni walimu wa shule hii hii.

Mkuu wa shule akataka video ifutwe, jina la shule lisichafuke. Mwalimu akauliza, ikifutwa, walioamini watajuaje? Akaniambia niwashe kamera. Akasema, "Nilikosea," safari hii akiangalia kioo, akaeleza upya, akamshukuru binti. Alichekwa wiki nzima, na wengi wakaacha kutufuata. Waliobaki wakaanza kutuma majaribio yao yaliyogoma, bila aibu: betri ya ndimu isiyowasha kitu, yai lililokataa kuvua ganda kwenye siki. Hapo ndipo darasa lilipoanza, na kamera niliishika mimi, mjue.

Mwezi uliopita mkuu alitangaza kwamba asipopatikana wa kujibu maswali, ukurasa wetu wa video unafungwa siku Mwalimu anapoondoka. Walimu wote ofisini wakatazama viatu vyao. Mwalimu hakumsihi mtu. Alikunja koti lake la maabara polepole, kama anayekunja nguo za marehemu.

Nikanyoosha mkono. Wakacheka, na siwalaumu. Mwalimu peke yake hakucheka. Akaniuliza, na usilolijua utafanyaje? Nikamwambia nitasema silijui, kisha nitauliza. Akasema, "Basi kazi unaiweza," akanikabidhi ile stendi.

Juzi swali la mchele lilikuja tena. Nilimwona Mwalimu akipapasa mfuko akitafuta miwani. Mwalimu, kaa. Nimeshalijibu, na yule binti wa mapovu ameshanisahihisha mbele ya watu wote, kama ulivyotufundisha.

Asante kwa kuchoka kwa ajili yetu. Tunakuombea siku ndefu, macho meupe, na usingizi wa mchana usiovunjwa na mlio wa simu. Ukurasa uko wazi.